Dawa Nzuri, Hisa ya Kuuza

Ijumaa ya tarehe 8 Desemba 2023, mkesha wa sikukuu yetu ya Uhuru, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kwa mpigo tiba mbili za vinasaba za selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi: Casgevy na Lyfgenia. Kwa mtu kama mimi, ninayefanya kazi maabara ya damu hapa Dodoma na mwenye mpwa anayeishi na ugonjwa huo, ilikuwa habari ya kupiga vigelegele. Lakini soko la New York lilipofunga, saa sita usiku kwa saa zetu, hisa za bluebird bio, wenye Lyfgenia, zilikuwa zimeporomoka takribani asilimia 40. Za CRISPR Therapeutics, walioshirikiana na Vertex kuitengeneza Casgevy, zilishuka karibu asilimia 8.

Rafiki yangu mmoja wa Area D, ambaye huwa namweleza mambo haya, alinitumia ujumbe: "Kaka, si wamepasishwa? Mbona wanaanguka?"

Swali zuri kuliko alivyodhani. Watu wengi huja kuniuliza wanunue nini. Kununua hisa za kampuni za bayoteknolojia ni rahisi: unasoma kuhusu ugonjwa, unasoma kuhusu dawa, moyo unaingia, unanunua. Kazi iko kwenye kuuza, kwa sababu moyo ulioingia hautaki kutoka. Na moyo wenyewe umeipenda dawa, wakati kilichomo kwenye akaunti ni hisa.

Nieleze kwanza hisa hizi nilizipataje, maana najua kuna atakayeuliza. Nilisoma shahada ya uzamili Boston, nikabaki kufanya kazi maabara moja huko kwa muda. Ukiishi pale huwezi kuzikwepa kampuni hizi. Moderna iko ng'ambo ya mto, Cambridge. Bluebird ilikuwa Cambridge hiyohiyo. Vertex ina majengo yake kando ya bandari. Kwenye treni unakaa na watu wanaobishana kuhusu protini kama sisi tunavyobishana kuhusu Simba na Yanga. Nikafungua akaunti kwa dalali wa huko, nikawa naweka kidogo kila nikilipwa. Mwanzoni mwa 2020 nikarudi nyumbani, nikamjulisha dalali kuwa makazi yangu yamebadilika, nikajaza fomu yao ya mtu asiye mkazi wa Marekani, na akaunti ikaendelea.

Tangu nirudi sijaongeza hata senti. Sheria zetu za fedha za kigeni zina masharti yake kwa mkazi anayetaka kupeleka fedha nje kununua hisa, na sikutaka kucheza na jambo hilo. Maana yake ni kwamba mtaji wangu kule ni ule ule. Nikitaka kununua kitu kipya, lazima niuze cha zamani. Nikitaka ada au bati, lazima niuze. Mwenye mshahara wa dola unaoingia kila mwezi anaweza kujidanganya kwamba hahitaji kuamua, kwa kuwa makosa yake anayafunika kwa pesa mpya. Mimi hiyo nafasi sina.

Nina daftari, kauntabuku ya kawaida ya Sokoni Majengo, jalada lake limeshapata doa la chai. Kila kampuni ina ukurasa wake. Juu naandika kwa nini nimenunua, sentensi moja, siyo zaidi. Chini yake naandika kitu gani kikitokea nitauza nusu, na kitu gani kikitokea nitauza zote. Hayo naandika siku ya kununua, kabla hisa haijapata nafasi ya kunibembeleza. Mali bila daftari huisha bila habari, wauza duka wetu wamelibandika neno hilo ukutani miaka yote. Sina programu wala fomula inayonisaidia kuliko huo ukurasa.

Bei siiandiki. Hapo wengi hatuelewani. Wapo wanaosema, ikipanda mara mbili uza nusu, unabaki unacheza na faida. Ni utaratibu unaoleta usingizi, siukatai. Lakini kampuni ya dawa haijui wewe ulinunua kwa bei gani. Ikiwa imepanda mara mbili kwa sababu majaribio ya awamu ya pili, kati ya tatu ambazo dawa hupitia kwa kawaida kabla ya kuombewa idhini, yametoa matokeo mazuri, basi hatari yake imepungua, na pengine leo ni nafuu kuliko jana ingawa bei imepanda. Na ikiwa imepanda mara mbili kwa sababu ya uvumi wa kununuliwa, ni hadithi nyingine kabisa. Bei ni moja, sababu ni mbili, na maamuzi yanapaswa kuwa mawili.

Chukua Moderna. Iliingia sokoni Desemba 2018 kwa dola 23, na mwaka 2019 ilishuka hadi chini ya dola 15. Wakati huo haikuwa na dawa hata moja iliyoidhinishwa, ila teknolojia ya mRNA, maelekezo yanayoingizwa mwilini ili mwili wenyewe utengeneze protini inayotakiwa. Nilinunua mwaka huo, na sentensi yangu ilikuwa: "Teknolojia ya mRNA ikifanya kazi mara moja, itafanya kazi mara nyingi." Chini yake niliandika kwamba dawa ya kwanza ikithibitishwa kwenye majaribio ya awamu ya tatu, nauza nusu. Sababu ni kwamba siku hiyo nitakuwa similiki tena matumaini, nitakuwa namiliki biashara, na biashara hupimwa kwa mauzo.

Sikujua kwamba dawa hiyo ya kwanza itakuwa chanjo ya ugonjwa ambao wakati naandika haukuwa na jina. Novemba 2020 wakatangaza kwamba chanjo yao ya UVIKO-19 ina ufanisi wa asilimia 94.5. Nikauza nusu kama daftari lilivyosema. Hisa ikaendelea kupanda. Ikapanda ikapanda, hadi Agosti 2021 ikafunga siku kwenye dola 484.

Hapo ndipo kazi ya nusu iliyobaki ilipoanza. Thamani ya kampuni nzima ilikaribia dola bilioni 200. Nikajiuliza, ili kampuni hii istahili bei hiyo, ni lazima iuze chanjo kiasi gani, na kwa miaka mingapi? Ilikuwa ni siku zilezile ambazo chanjo zilianza kutolewa hapa kwetu, baada ya Rais Samia kuzindua shughuli hiyo tarehe 28 Julai 2021. Nilikuwa naona kwa macho yangu hospitalini: anayekuja ni yule mwenye hofu au anayetaka kusafiri, na akishachanjwa haulizi nyingine lini. Bei ya hisa ilikuwa inadai watu wa dunia nzima warudi kuchanjwa kila mwaka. Sikuamini. Nikawa nauza kwa mafungu, mengine kabla ya kilele, mengine baada yake. Hakuna fungu nililouza kileleni penyewe na sijawahi kukutana na aliyefanya hivyo, ingawa Dodoma nzima ina watu waliouza viwanja "siku ileile bei ilipokuwa juu".

Yaliyofuata yanafundisha kuliko faida yenyewe. Mauzo ya Moderna mwaka 2022 yalikuwa dola bilioni 18.4, makubwa kuliko ya 2021. Lakini hisa ilikuwa imeshaanguka mbali sana na ile 484 kabla mwaka huo haujaisha. Mwaka 2023 mauzo yakawa bilioni 6.7, mwaka 2024 bilioni 3.1. Soko liliona bonde hilo wakati kampuni bado iko juu ya kilima. Anayengoja taarifa ya mauzo ioneshe kushuka ndipo auze, anauza akiwa wa mwisho kwenye foleni.

Kwa bluebird niliuza zote mapema, na bei haikuwa sababu. Nilikuwa nimeandika: "Tiba hizi zitapata walipaji." Sayansi yao sikuwa na shaka nayo. Tiba yao ya thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, iitwayo Zynteglo, ilikubaliwa Ulaya mwaka 2019, wakaitangaza kwa bei ya yuro milioni 1.575 kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2021 wakashindwa kuelewana na Wajerumani kuhusu bei, na Agosti mwaka huo wakatangaza kufunga shughuli zao Ulaya nzima. Mgonjwa yupo, dawa ipo, idhini ipo, mlipaji hayupo. Sentensi yangu ilikuwa imekufa, nikaifunga.

Kwa hiyo tarehe 8 Desemba 2023 nilikuwa mtazamaji, na nilijua naangalia nini. Lyfgenia ilipewa onyo zito kuhusu hatari ya saratani ya damu, wakati Casgevy haikupewa. Ikatangazwa kwa dola milioni 3.1, mwenzake milioni 2.2. Halafu kulikuwa na vocha. Marekani ilikuwa ikimpa mtengenezaji wa baadhi ya dawa za magonjwa adimu ya watoto vocha ya kuharakishiwa ukaguzi wa dawa nyingine, na wakati huo vocha hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa kampuni kubwa kwa takribani dola milioni 100. bluebird ilikuwa inaitegemea fedha hiyo, ikanyimwa. Siku chache baadaye wakauza hisa mpya kwa dola 1.50 moja. Hii ni kampuni ambayo mwaka 2018 hisa yake ilikuwa ikiuzwa zaidi ya dola 200. Mwaka 2025 ikanunuliwa na wawekezaji binafsi kwa bei ya kutupa, ikatoka sokoni. Dawa bado inafanya kazi. Wapo vijana Marekani wanaotembea bila maumivu kwa sababu ya kampuni iliyowafilisi wenye hisa wake.

Hilo ndilo nililomjibu rafiki yangu, kwa maneno machache zaidi.

Za CRISPR nilikuwa nimezipunguza nusu wiki chache kabla, baada ya Uingereza kutangulia kuidhinisha Casgevy tarehe 16 Novemba. Hapa kazi yangu ya mchana ilinisaidia. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa mjini hupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu, na sisi wa maabara za damu tunajua kinachotakiwa kumpitisha mtoto mmoja tu kwenye safari hiyo. Casgevy ni ndugu wa karibu wa safari hiyo. Mgonjwa anafungwa kwenye mashine, seli shina zake, zile zinazozaa damu, zinachujwa kutoka kwenye damu, na mara nyingi awamu moja haitoshi. Seli zinasafirishwa kiwandani kuhaririwa na kupimwa, jambo linaloweza kuchukua hadi miezi 6. Kisha analazwa, anapewa tibakemikali kali ya kuua uloto wake wa zamani, anarudishiwa seli zake, anakaa chumba cha peke yake wiki 4 hadi 6 akisubiri damu mpya ianze kuzaliwa. Kuna suala la uzazi linalotakiwa kuzungumzwa naye kabla, maana tibakemikali hiyo inaweza kumfunga kizazi. Halafu bima.

Wachambuzi kule walikuwa wanazidisha idadi ya wagonjwa kwa dola milioni 2.2 na kupata mabilioni. Mimi nilikuwa nahesabu vitanda. Mauzo ya Casgevy kwa mwaka mzima wa 2024 yalikuwa takribani dola milioni 10, yaani wagonjwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na makubaliano ni kwamba Vertex inabeba asilimia 60 ya faida au hasara na CRISPR asilimia 40. Niseme pia kwamba mapema 2024 hisa ya CRISPR ilipanda kupita pale nilipouzia, kabla ya kushuka tena. Hilo halikunisumbua. Sababu yangu ilikuwa sahihi, na nusu iliyobaki ilikuwepo kufaidi kelele hizo.

Aliyesumbuka ni dada yangu, mama wa mpwa wangu. Alinikuta nyumbani Ilazo Jumapili moja, hata hajakaa vizuri:

"Mdogo wangu, nasikia umeuza hisa za ile dawa ya mtoto."

"Nimepunguza, dada. Zipo nyingine."

"Sasa na ninyi mnaoelewa mkiwakimbia, nani atawasaidia waifikishe huku?"

Nikamweleza. Nikiuza hisa yangu sokoni, anayenunua ni mtu mwingine kama mimi, yuko Tokyo au Texas. Kampuni haipati wala haipotezi kitu siku hiyo. Kampuni hupata fedha pale inapotoa hisa mpya na kuziuza yenyewe.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo hata ulipozinunua hukuwasaidia?"

"Hapana."

"Basi ilikuwa biashara tu."

"Biashara tu, dada."

"Sasa siku zote hizo ulikuwa unaniringia nini?"

Sikuwa na jibu, mke wangu akacheka hadi akaacha kumimina chai. Mpwa wangu anatumia vidonge vyake vya haidroksiurea, dawa ya miongo mingi ambayo haitajwi kwenye mabishano ya wachambuzi, na ndiyo inayompeleka shule.

Kutoa hisa mpya ndiko kunakowauma wengi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Kampuni nyingi za aina hii haziuzi chochote. Zinakula mtaji. Kila robo mwaka hutoa ripoti, na mimi huanza na vitu viwili: fedha taslimu pamoja na vitega uchumi vya muda mfupi, halafu fedha zilizotumika kwenye uendeshaji. Kama wana milioni 200 na wanatumia milioni 40 kila robo mwaka, wana robo mwaka tano. Lakini hawatangoji ziishe. Wataenda sokoni kuomba wakiwa bado na za mwaka mmoja, na wataenda siku ambayo hisa imepanda, kwa sababu siku hiyo wanapata dola nyingi kwa kugawa hisa chache. Kwa hiyo habari njema ya asubuhi mara nyingi huambatana na tangazo la jioni la kuuza hisa mpya, na kipande chako cha kampuni kinapungua. Ukiona kampuni yenye fedha za miezi michache imeruka asilimia 60 kwa matokeo mazuri, wewe mwenye hisa una saa chache za kuamua kama utauza kabla wao hawajauza. Mimi hupunguza papo hapo, bila aibu. Wenye kampuni wenyewe wanauza.

Kuna wanaotegemea amri ya kujiuza yenyewe bei ikishuka hadi kiwango fulani. Kwenye hisa za benki inaweza kukufaa. Kwenye bayoteknolojia ni kufunga mlango wa nyumba isiyo na ukuta. Matokeo ya majaribio hutangazwa soko likiwa limefunga, au hisa husimamishwa kuuzwa hadi habari itoke. Ilifunga kwenye dola 20, inafunguka kwenye 8. Amri yako ya kuuza kwenye 17 inatekelezwa kwenye 8. Kinga pekee ninayoijua ni ukubwa wa fungu lenyewe kabla ya siku hiyo. Tarehe za maamuzi mara nyingi hujulikana: mamlaka ya Marekani ikishayakubali maombi ya dawa mpya kwa ukaguzi, ukaguzi wa kawaida una lengo la miezi 10 na wa haraka miezi 6. Naandika tarehe hiyo, na mapema kabla yake napunguza hadi kiasi ambacho kikipotea chote nitakula ugali wangu bila kuwakaripia watoto. Takwimu za tasnia kwa miaka mingi zimeonesha kwamba dawa inayoingia majaribio ya awamu ya kwanza ina nafasi kama moja kati ya kumi ya kufika kwenye idhini. Anayeweka fungu kubwa kwa dawa moja anajiona yeye ni yule mmoja.

Saa za soko nazo zina lake. Hapa Dodoma soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni, au saa kumi na moja na nusu wakati wa majira yao ya baridi. Ndio muda umetoka kazini, umechoka, vumbi la Nkuhungu limekujaa kwenye kola, na bando linakaribia kuisha. Ni muda mbaya wa kuamua kitu. Ninaamua asubuhi, soko likiwa limelala, naweka amri yenye bei ya chini ninayoikubali, naondoka. Jioni ni ya kuangalia kama imetekelezwa. Nusu saa ya kwanza baada ya habari kubwa bei zinarukaruka kama panzi, sitii mkono humo.

Kununuliwa kwa kampuni ndiyo hali rahisi kuliko zote, ajabu yake watu huing'ang'ania. Nilikuwa na hisa kidogo za Global Blood Therapeutics, watengenezaji wa Oxbryta, kidonge cha selimundu kilichoidhinishwa mwaka 2019. Agosti 2022 Pfizer wakatangaza kuinunua kampuni yote kwa dola 68.50 kwa hisa, jumla ya bilioni 5.4. Hisa ikapanda mara moja hadi karibu na bei hiyo. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye alisema tungoje tulipwe hadi senti ya mwisho. Mimi niliuza wiki hiyohiyo. Kilichobaki kilikuwa senti chache, na kinachoweza kutokea mpango ukivunjika ni kurudi kule chini. Mpango ulikamilika Oktoba, mwenzangu akapata senti zake, sawa. Miaka miwili baadaye, Septemba 2024, Pfizer waliiondoa Oxbryta kwenye masoko yote duniani kwa sababu za usalama. Wenye hisa tulilipwa na kuondoka. Aliyebaki na tatizo ni Pfizer, na zaidi yake wagonjwa waliokuwa wameizoea.

Vertex ni ukurasa wa aina nyingine. Ina dawa za cystic fibrosis, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu, zinazouzwa kila siku, ina faida, haiombi mtu pesa. Oktoba 2020 ilishuka asilimia 20 kwa siku moja baada ya kusitisha majaribio ya dawa nyingine kabisa, ya ugonjwa wa upungufu wa protini ya ini. Nikafungua daftari: sentensi yangu inazungumzia cystic fibrosis. Haijaguswa. Nikafunga daftari. Baada ya miaka kadhaa ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu, na tatizo likawa kinyume: imekuwa kubwa mno ndani ya akaunti yangu. Hapo nilipunguza kwa sababu ya uzito tu. Kampuni yenye dawa moja siiruhusu ipite sehemu moja ya ishirini ya akaunti. Yenye faida naivumilia hadi sehemu moja ya tano. Mipaka hiyo nimeiweka mwenyewe, haikutoka kwenye kitabu, na mtu mwenye moyo mgumu kuliko wangu anaweza kuweka mingine.

Wanakikoba wenzangu walipozisikia habari za Moderna walitaka tutoe fungu la mwisho wa mwaka tulipeleke huko. Nilikataa mbele ya mkutano, na mwenyekiti hakufurahi. Fedha za kikoba zina tarehe: Januari ni ada, masika ni mbegu. Fedha yenye tarehe ya kutumika haipaswi kusubiri matokeo ya maabara ya watu wengine. Tukanunua vipande vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa hapa nchini, faida ya kawaida, hakuna aliyekosa ada. Mjomba wangu wa Kongwa, anayepeleka mahindi yake soko la Kibaigwa, aliuliza tu kama hisa hizo zinaliwa zisipouzika. Nikamwambia haziliwi. Akasema basi hazina cha kuwekwa ghalani.

Kuuza kwa sababu una shida ya fedha ni sababu halali, nasema hivyo kwa kuwa vijana wanaona aibu. Fungu moja la Moderna limegeuka msingi na kuta Iyumbu. Nikiangalia ramani ya bei naweza kukwambia lingekuwa na thamani gani kama ningeliuza miezi fulani baadaye, lakini mafundi hawakulipwa kwa "ningeli". Kodi nayo ipo: mkazi wa Tanzania huhesabiwa mapato yake ya ndani na nje, kwa hiyo kabla ya kuleta fedha hizo kaa na mhasibu, usikae na kijiwe.

Mwaka huu nimepunguza tena, kwa sababu isiyohusu dawa wala bei. Marekani hutoza kodi ya mirathi kwa mali iliyoko kwao ya mgeni aliyefariki, pale inapozidi dola 60,000, na hisa za kampuni zao zinahesabiwa hata kama mwenyewe umezikwa Hombolo. Kiwango kinaweza kufika asilimia 40. Akaunti yangu haijafika huko, ila Vertex ilikuwa inaisukuma. Nikaona ni heri nipunguze nikiwa hai, na nimwoneshe mke wangu daftari, maana siku nikiondoka yeye ndiye atakayepigiana simu na dalali.

Alisoma kurasa zote usiku mmoja, akiweka alama kwa penseli. Kwenye nyingi aliridhika. Alipofika ya CRISPR, ile nusu iliyobaki, akaniuliza mbona nimeandika "usiuze bado".

"Soma mstari wa juu," nikamwambia.

Akausoma kwa sauti: "Uhariri wa jeni utafika magonjwa mengine." Akanitazama. "Yapi? Lini? Wana hela ya kufika huko?"

Akanirudishia daftari na penseli yake, akasema niandike upya.